Hatifungani inajenga maktaba. Taa atalipia nani?

SWALI: Kaka, pole na kazi. Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na miwili California, na mwaka jana sote wawili tulikula kiapo cha uraia, kwa hiyo hii ndiyo kura yetu ya kwanza. Karatasi imekuja kwa posta. Mwishoni kabisa, baada ya majina ya wagombea, kuna pendekezo la mji wetu: hatifungani ya dola milioni 40 ya kujenga maktaba mpya. Mume wangu anasema ni kodi juu ya kodi, na sisi wenyewe hatuendi maktaba. Lakini binti yetu wa miaka 13 yuko kwenye hiyo maktaba ya zamani kila siku akitoka shule. Tumebishana mpaka tumenyamaziana. Nyumba yetu kwenye bili ya kodi imeandikwa dola 400,000. Kweli tutalipa kiasi gani? Kwa nini pendekezo linahitaji theluthi mbili ya kura, wakati hata rais anaweza kushinda bila kufikisha nusu? Na wewe ungepiga kura gani?

JIBU: Dada, hongereni kwa kiapo. Nimecheka niliposoma kwamba mmenyamaziana kwa ajili ya maktaba, maana hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo kunyamaza ni sharti la kuingilia.

Nianze na shemeji, kwa sababu hoja yake ni ya pesa, na pesa inahesabika.

Mji unapoomba hatifungani, unaomba ruhusa ya kukopa. Wakopeshaji ni mifuko ya uwekezaji, benki na watu binafsi wanaonunua deni la mji. Wanakubali riba ndogo kwa kuwa faida hiyo kwa kawaida haikatwi kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Wanaolirudisha deni ni wenye nyumba na ardhi ndani ya mpaka wa mji, kupitia mstari mmoja unaoongezwa kwenye bili ya kodi ya majengo. (Nasema kodi ya majengo makusudi. Ukisema kodi ya nyumba, msomaji wa Kiswahili anafikiria pango la mwisho wa mwezi.)

Hukunitajia riba wala muda, kwa hiyo nachukua mfano. Tuseme mji umekopa dola milioni 40 kwa riba ya asilimia 4 na utalipa kwa miaka 30, kila mwaka kiasi kilekile. Malipo ya mwaka yanakuwa takriban dola milioni 2.3. Zidisha mara 30 unapata karibu dola milioni 69. Kwa hiyo shemeji akisema maktaba hii si ya milioni 40 bali inakaribia 70, yuko sahihi, na usimbishie. Ndivyo mkopo wa nyumba yenu ulivyo pia, mkiutazama hadi malipo ya mwisho.

Hatua ya pili ni kugawa mzigo. Tuseme mali zote za mji wenu, nyumba, maduka, maghala na viwanja vitupu, zina thamani ya kodi ya dola bilioni 12. Gawa zile milioni 2.3 kwa bilioni 12, na kila dola 100,000 za thamani inabeba kama dola 19 kwa mwaka. Nyumba yenu ina laki hizo nne. Mnafika dola 77 kwa mwaka, yaani dola 6 na senti kadhaa kwa mwezi. Mji wenu ukiwa mdogo zaidi, wenye thamani ya bilioni 4 tu, mkopo huohuo utawagharimu mara tatu, kama dola 231 kwa mwaka. Ndiyo maana mtu wa mji mwingine akikwambia "sisi tulilipa hela kidogo sana", hajakwambia chochote mpaka aseme mji wao una thamani gani.

Namba zenyewe huna haja ya kuzikisia. Fungua kile kijitabu cha mpiga kura kilichotumwa na kaunti, utafute taarifa ya kiwango cha kodi. Sheria ya California inataka kila pendekezo la hatifungani ya mji au wilaya liambatane na taarifa hiyo, na ndani yake kuna mambo matatu: wastani wa kiwango kwa miaka yote, kiwango cha juu kabisa kinachokadiriwa na mwaka kitakapotozwa, na jumla ya deni pamoja na riba. Watu wa kampeni hupenda kunukuu ule wastani. Wewe fanya hesabu kwa kiwango cha juu, kisha ukiona bado unamudu, umemaliza.

Kuna kitu kimoja hapo ambacho wageni wa California hukikosea, hata waliokaa miaka kumi na miwili. Ile dola 400,000 kwenye bili si bei ambayo nyumba yenu ingeuzwa leo. Tangu Pendekezo Namba 13 la mwaka 1978, kura ya jimbo zima iliyobana kodi ya majengo, thamani ya kodi huanzia kwenye bei mliyonunulia, na haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe, au mjenge kitu kipya. Hatifungani hutozwa kwa thamani hiyo hiyo. Jirani aliyenunua zamani, akiwa bado ameandikiwa dola 120,000, kwa mfano wetu atalipa dola 23. Kijana aliyehamia mwaka jana kwenye nyumba pacha na ya jirani huyo, kwa dola 800,000, atalipa 154. Maktaba ni moja, rafu ni zilezile. Si haki sana, na mimi sioni sababu ya kuipamba. Lakini kasoro hiyo ni ya kodi yote ya majengo ya California, haikuletwa na pendekezo lenu, na halitaiondoa wala kuizidisha.

Na mkiishi wenyewe ndani ya nyumba hiyo, hakikisheni mmejaza fomu ya msamaha wa mwenye nyumba katika ofisi ya mthamini wa kaunti. Inapunguza thamani ya kodi kwa dola 7,000. Ni kidogo, lakini hujazwa mara moja tu, na nimekutana na watu waliokaa miaka bila kuijua.

Jihadhari pia na maneno "halitaongeza kiwango cha kodi". Mara nyingi ni kweli kwa namna ya ujanja: deni la zamani la mji linakaribia kwisha, na hili jipya linakaa kwenye nafasi yake. Kiwango hakipandi. Lakini bila pendekezo kingeshuka, kwa hiyo bado mnalipa.

Sasa theluthi mbili. Katiba ya California ya mwaka 1879 tayari ilidai kiasi hicho kabla mji haujajiingiza kwenye deni la miaka mingi. Pendekezo Namba 13 lilipopita mwaka 1978 likafunga mlango kabisa: kwa miaka minane miji haikuweza kuongeza kodi ya majengo kulipia hatifungani mpya hata wananchi wote wakikubali. Mwaka 1986 Pendekezo Namba 46 likaufungua tena, kwa sharti lilelile la theluthi mbili. Shule zikapata nafuu mwaka 2000, zikashushiwa hadi asilimia 55 kwa masharti fulani. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama maktaba, nyumba za bei nafuu na miundombinu mingine ya umma nayo ishushiwe hadi 55. Wakakataa. Ndiyo maana mpo hapo mlipo. Majimbo mengine yana vipimo vyao. Washington hatifungani ya namna hii inataka asilimia 60, na Michigan nusu na moja inatosha.

Hoja ya wanaoitetea theluthi mbili ni kwamba deni la miaka 30 litalipwa na watu ambao leo hawajazaliwa au hawajahamia, basi lisipitishwe kwa kura moja ya ziada. Nina heshima kwa hoja hiyo. Ila fahamu inavyofanya kazi ndani ya nyumba yako: kila kura ya hapana inahitaji ndiyo mbili kuifuta. Ukipiga ndiyo wewe na hapana shemeji, hamjatoka sare. Yeye ameshinda. Na ukiamua kuacha nafasi hiyo wazi ili amani irudi, kura yako haihesabiwi kama hapana, kwani theluthi mbili hupimwa kwa waliopigia pendekezo hilo peke yao.

Hayo yote ni ya shemeji. Swali ambalo ninyi wawili hamkuliuliza ndilo lingenikosesha mimi usingizi.

Mwezi Mei 2000 wapiga kura wa kaunti ya Jackson, kusini mwa Oregon, walikubali hatifungani ya dola milioni 38.9 ili kujenga au kukarabati maktaba zao zote 15. Angalia kiasi hicho, kinakaribia cha kwenu. Kazi ikafanyika mji baada ya mji: majengo mapya, madirisha makubwa, vyumba vya watoto. Pesa ya kuyaendesha ikawa inatoka kwenye mfuko wa kaunti, na mfuko huo ulitegemea sana fedha za serikali ya shirikisho zilizofidia mapato ya misitu, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni ya shirikisho na ukataji wa magogo ulikuwa umeporomoka. Fidia hiyo ilipokwama mwishoni mwa 2006, kaunti ikaenda kwa wananchi Novemba kuomba tozo ya kuendeshea maktaba. Wakakataa. Aprili 2007 maktaba zote 15 zikafungwa siku moja. Mwezi uliofuata wakaombwa tena, wakakataa tena.

Fikiria hilo. Majengo yananukia rangi mpya, na bili ya kodi inaendelea kuja, maana deni la hatifungani halijui kama mlango umefungwa au uko wazi. Milango ilifunguliwa tena Oktoba mwaka huo, kwa saa chache kuliko zamani na chini ya kampuni binafsi iliyopewa mkataba. Utulivu wa kweli ulirudi mwaka 2014, wapiga kura walipounda wilaya maalumu ya maktaba yenye kodi yake yenyewe. Kutoka hatifungani hadi hapo ni miaka 14.

Hatifungani ni pesa ya kujenga. Mshahara wa mkutubi, umeme, mfagizi, mlinzi, vitabu vipya vya mwaka wa tatu, hivyo vinatoka mfuko mwingine, kila mwaka, milele. Kwa California sheria iko kali zaidi ya wengi wanavyodhani: hatifungani ya mji inayolipwa kwa kodi ya majengo ni ya kununua au kuboresha mali isiyohamishika. Ardhi, kuta, paa, lifti, mabomba. Kiti cha kusogeza si mali isiyohamishika. Kompyuta siyo. Kitabu siyo. Kwa maneno mengine, ndiyo yenu ya theluthi mbili inaweza kuwapa maktaba isiyo na kitabu hata kimoja, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Berkeley walilijua hilo. Mwaka 2008 walipitisha hatifungani ya dola milioni 26 kwa matawi manne ya maktaba zao, na wakati huohuo mfuko wa hisani wa maktaba ukazunguka kuchangisha fedha za samani na vifaa, kwa kuwa za hatifungani hazingeruhusiwa huko. Gharama za kila siku hazikuwa na wasiwasi mkubwa, maana mji ule umekuwa na kodi maalumu ya maktaba tangu 1980, miaka miwili baada ya Pendekezo Namba 13 kukausha visima. Kwa hiyo walikuwa na mifuko mitatu kwa mahitaji matatu. Hata hivyo hawakunusurika na ugomvi: mji ulipoamua kubomoa matawi mawili na kujenga upya, wakazi fulani walikwenda mahakamani mwaka 2010, wakisema pendekezo walilopigia kura liliongelea ukarabati. Majengo mapya yalisimama hatimaye. Nakutajia kisa hicho ili usome maneno ya pendekezo lenu taratibu. Kama limeandika "kujenga maktaba mpya", uliza wapi. Kama limeandika "maktaba na vituo vingine vya jamii", uliza hivyo vingine ni vipi.

San Francisco nao walipanga vizuri. Hatifungani ya maktaba kuu, dola milioni 109.5, ilipita mwaka 1988. Mwaka 1994, jengo likiwa halijafunguliwa, wapiga kura wakatenga fungu la lazima la bajeti ya mji kwa ajili ya kuendesha maktaba. Jengo likafunguliwa 1996 likiwa na chakula chake tayari jikoni. Seattle walifanya kinyume. Hatifungani yao ya 1998, dola milioni 196.4, iliwapa maktaba kuu ya vioo iliyofunguliwa 2004, ambayo watu husafiri kwenda kuipiga picha, pamoja na matawi chungu nzima. Uchumi ulipoanguka, kuanzia 2009 mfumo mzima wa maktaba ukawa unafungwa wiki moja kila mwaka ili kubana matumizi. Ilibidi warudi kwa wapiga kura mwaka 2012 kuomba dola milioni 123 kwa miaka saba, safari hii za kufungua milango na kununua vitabu.

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wanasiasa wengi alikuwa mfanyabiashara wa chuma. Andrew Carnegie alilipia majengo ya maktaba zaidi ya 1,600 Marekani, zaidi ya 140 kati yake hapo California kwenu. Hakutoa bure. Mji uliotaka jengo ulipaswa kutoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka kutoka kodi zake asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Ukipewa dola 10,000, unaahidi 1,000 kila mwaka. Kuna miji iliyoona sharti hilo zito na kumrudishia barua yake. Mimi nasema ilikuwa na busara kuliko ile iliyosaini bila kupiga hesabu.

Ukitumia kipimo chake kwa mji wenu, jengo la milioni 40 lingehitaji milioni 4 kwa mwaka. Sikisemi kama kanuni. Gharama za ujenzi za leo si za mwaka 1905, na mji unaohamisha maktaba iliyopo tayari una wafanyakazi na bajeti. Swali la maana ni tofauti: jengo jipya ni kubwa kuliko la zamani mara ngapi, na bajeti ya kuendesha itapanda kwa kiasi gani kulifuata? Jengo likiwa mara mbili na bajeti ikabaki palepale, mtapata nusu ya saa, au nusu ya wakutubi, ndani ya vyumba vizuri.

Namna ya kuuliza: barua pepe fupi kwa mkurugenzi wa maktaba na nyingine kwa diwani wenu. Mwaka wa kwanza wa jengo jipya, gharama ya uendeshaji inakadiriwa kuwa dola ngapi, na itatoka mfuko gani? Litafunguliwa saa ngapi kwa wiki, ikilinganishwa na sasa? Samani na vitabu vitalipiwa na nani? Miji iliyojiandaa hujibu kwa namba siku hiyohiyo, kwa sababu walishaulizwa na kamati ya fedha. Mji ukikujibu kwa picha ya mchoro wa jengo lenye miti na watoto wanaorusha puto, umejibiwa pia.

Usiende kumuuliza mkutubi wa mezani upige kura gani. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976, fedha za umma haziruhusiwi kutumika kupigia debe upande mmoja wa kura, na yeye akiwa kazini analipwa na umma. Atakupa taarifa, hatakupa ushauri. Wageni humwona kama anakwepa. Anafuata sheria tu.

Kuhusu "sisi hatuendi maktaba", sitaingia sana, maana hilo ni la mezani kwenu. Ila shemeji amesema sisi, na katika sisi hiyo kuna binti anayekaa pale kila jioni. Hata kwenye kampeni, ukweli huo wa kwamba maktaba ni ya wasioenda pia umewahi kuamua kura. Huko Troy, Michigan, mwaka 2011, maktaba ilikuwa inakaribia kufungwa na wapinga kodi walikuwa na sauti kubwa. Mji mzima ukaanza kuona mabango yanayowaalika watu wapige kura kuifunga, kisha waje kwenye sherehe ya kuchoma vitabu vyake siku chache baadaye. Hasira zikalipuka, hata kwa watu ambao hawakuwa wamekanyaga humo miaka. Ndipo waliobandika mabango wakajitambulisha: walikuwa watetezi wa maktaba, waliotaka watu waache kuzungumzia kodi na waanze kuzungumzia vitabu. Tozo ya senti 70 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kodi, kwa miaka mitano, ikapita. Kama mbinu, mimi sikuipenda. Inatisha watu badala ya kuwaeleza. Lakini iliwauliza swali ambalo bili ya kodi haiulizi.

Ipo pia njia ya kukataa ambayo si ya mwisho. Salinas, mji aliozaliwa mwandishi John Steinbeck, wapiga kura walikataa kodi mwaka 2004, na mji ukatangaza kwamba utafunga maktaba zake zote, ikiwemo ile iliyopewa jina lake. Novemba 2005 walewale wapiga kura wakakubali nusu senti kwenye kila dola ya mauzo, na maktaba zikabaki. Kwa hiyo mwambie binti yako kwamba hapana ya mwaka huu haimaanishi amepoteza maktaba kesho. Huwa inamaanisha mji unarudi na pendekezo lililopunguzwa au lililoelezwa vizuri zaidi, na gharama ya ujenzi ikiwa imepanda kidogo wakati mnasubiri.

Umeniuliza ningepiga nini. Kama mji umejibu barua yako kwa namba, na kuna mfuko unaojulikana wa kuendesha, na kwa kiwango cha juu cha kodi bado ni pesa ambayo hamtaitafuta mwisho wa mwezi, ningepiga ndiyo bila kujifikiria mara mbili. Kama hakuna mpango wa uendeshaji, ningepiga hapana, nikiwa na huzuni, na wiki hiyohiyo ningemwandikia diwani kumwambia kwa nini. Jambo moja lingenisukuma upande wa ndiyo hata majibu yakiwa nusunusu: jengo la zamani likiwa si salama kwa tetemeko la ardhi au halipitiki kwa kiti cha magurudumu. Hapo kukarabati hakukwepeki, na kuahirisha ni kulipa zaidi. Tume huru ya wananchi ya kusimamia matumizi, ambayo bila shaka pendekezo lenu linaitaja, ni nzuri kuwa nayo, ila haina nguvu ninayoona watu wakiipa. Inasoma ripoti za ukaguzi baada ya pesa kutumika.

Sasa ya kura yenyewe, kwa kuwa ni ya kwanza. Bahasha ya kurudishia imelipiwa stempu tayari. Isaini kwa mkono ule ule na kwa umbo lile lile la saini mliyotumia mlipojiandikisha, kwani ofisi ya uchaguzi inalinganisha, na kura nyingi za wanaoanza hukwama hapo. Kama nyumbani mnaye ndugu mwenye kadi ya kijani, asiguse karatasi hizo hata kwa kusaidia kujaza. Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna uchaguzi wa shirikisho, na asiye raia akipiga kura anaweza kushitakiwa na kuharibu safari yake ya uraia. Na kila mmoja wenu asaini bahasha yake mwenyewe, wewe yako na shemeji yake, hata kama siku hiyo mtakuwa bado hamjaanza kusemezana.